Boksi la motohomu limegoma kufunguka: usukume, upulizie, utoboe, au ubadilishe kitasa kabisa?

Hii naiandika kwa mtu ambaye saa hizi kasimama pembeni ya motohomu yake (lile gari lenye nyumba ndani), ufunguo mkononi, boksi la chini, lile la mizigo linalofunguka kwa nje, limegoma, na kopo la spreyi keshalishika tayari. Weka hilo kopo chini kwanza. Lina kazi yake na tutalifikia, ila mara nyingi sana kitasa unachokilaumu ni kizima kabisa na anaegoma ni mlango, na ukishakimwagia mafuta kitasa kizima umejitafutia tatizo la pili ambalo litakuja kukudai baadae vumbi likishanata humo ndani.

Mi mwenyewe nimeshatoboa kitasa kizima, nasema mapema ili ujue anaekushauri sio malaika. Lilikuwa boksi refu, lile linalopita chini kwa chini toka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Ufunguo unaingia vizuri, unazunguka kidogo, alafu unagota. Nikapulizia, nikagonga, nikabana ufunguo kwa plaiya (usifanye hivo), mwisho nikachukua drili. Silinda ikatoka vipande vipande, mlango ukafunguka, na mguu wa kiti cha kukunja ukaniangukia kwenye kiatu. Kiti kilikuwa kimeteleza njiani kikaegemea mlango kwa ndani, kinausukuma nje, ulimi wa kitasa umebanwa kwenye fremu hauna pa kwenda. Na mlango wa upande wa pili wa boksi hilohilo ulikuwa unafunguka bila shida yoyote. Ningezunguka gari, nikaingiza mkono, nikakivuta kiti, dakika mbili kazi imekwisha.

Kwanza ujue nani kagoma

Vitasa vya haya maboksi havina siri kubwa. Kuna silinda, pale ufunguo unapoingia, na ndani yake vibati vyembamba vilivyokaa kwenye springi ndogondogo, mara nyingi vinne au vitano. Nyuma ya silinda kuna ulimi, kipande cha chuma bapa kilichofungwa kwa nati au skrubu, ukizungusha ufunguo ulimi unazunguka nao na kuiachia fremu. Alafu kuna mlango wenyewe na mpira wake na bawaba zake. Mmoja kati ya hao watatu ndo kagoma, na vidole vyako vikitulia kwenye ufunguo utamjua.

Ufunguo ukiwa hauingii, au unaingia nusu, shida iko kwenye tundu: tope, vumbi lililoganda, barafu, au kuna kipande cha ufunguo kilivunjikia humo zamani na mtu akanyamaza. Ukiingia wote ila hauzunguki hata kidogo, mgumu kama umeuchomeka ukutani, hapo vibati vimeganda au ufunguo umelika au, na usicheke, umeshika ufunguo wa boksi lingine. Ukizunguka kidogo alafu ukagota na kurudi kama una springi, huo ni mlango unaubana ulimi, silinda haina kosa. Na ukizunguka mzima, laini, laini hata kuliko kawaida, lakini mlango umetulia palepale, basi nati ya ulimi imelegea au ulimi umekatika na ufunguo unazunguka bure.

Hiyo ya kugota na kurudi ndo nimekutana nayo zaidi ya zote, na ndo ilionitia kwenye drili siku ile.

Kusukuma mlango au kupulizia kitasa

Kusukuma hakuharibu kitu, ndo maana kwangu kunatangulia. Weka kiganja au goti karibu na kitasa, usukume mlango kuelekea ndani kwa nguvu ya wastani, na huku bado unasukuma zungusha ufunguo taratibu kwa vidole viwili. Viwili tu. Ukiona unahitaji zaidi ya hapo ujue hujapata bado sehemu ya kusukuma, hamia kona ya juu, kona ya chini, upande wa bawaba, jaribu pia kuunyanyua mlango kidogo kwa chini maana bawaba zikichoka mlango unashuka na ulimi unakuwa umekalia fremu badala ya kupita nyuma yake. Kuna wakati utasikia kabisa kitasa kimeachia, tak, ila mlango haujatoka, huo ni mpira umenata kwenye rangi baada ya miezi ya jua. Chukua kadi ya plastiki iliyokwisha muda, ipitishe kwenye ukingo wote pole pole mpaka mpira uachie. Bisibisi usiitie hapo, kuta nyingi za motohomu ni bati jembamba la alumini au faiba iliyogandishwa juu ya povu, ukikita chuma unaacha kovu na maji yakipata njia ya kuingia kwenye povu hilo umeanza kesi nyingine kabisa.

Kingine ambacho watu wanakisahau ni gari limekaaje. Motohomu ni ndefu na nzito, ukiegesha tairi moja ikawa shimoni, au ukainua kona moja kwa jeki kuliko zingine, chasisi inajipinda kidogo, kwa macho huoni kitu ila fremu ya boksi inakuwa imepoteza mraba wake na mlango uliofunguka jana vizuri tu leo unabana. Shusha jeki. Sogeza gari mita chache sehemu tambarare. Jaribu tena kabla hujagusa kitu kingine chochote, maana nimeshaona mtu kahangaika na mlango wa boksi la jenereta asubuhi nzima na jeki iliposhuka tu ukafunguka kama haukuwa ule.

Na kama boksi lina njia nyingine, pita huko. Mengi yana mlango wa upande wa pili, au kifuniko chini ya kitanda, au paneli ya skrubu nne ndani ya kabati. Ukiingia kwa ndani unaona nyuma ya kitasa, unafungua nati ya ulimi kwa spana, kitasa kinabaki kizima na mlango unafunguka. Hii njia inashinda zote zilizobaki kwenye hii makala, basi tu haipo kwenye kila gari.

Kusukuma kunashindwa pale ufunguo unapokataa kuzunguka hata chembe. Hapo sukuma mpaka jasho likutoke, vibati havina habari na wewe. Kabla ya spreyi jaribu kugonga: ufunguo ukiwa ndani, uzungushe kwa nguvu ndogo sana na uishikilie hiyo nguvu, huku unagonga uso wa kitasa kwa mpini wa bisibisi, tak tak tak, kama mtu anaebisha hodi kwa adabu. Mtetemo unavishtua vibati vilivyolala na mara nyingine vinashuka vyenyewe. Usitumie nyundo ya chuma, vitasa hivi vingi mwili wake ni wa zinki ya kumimina, laini, unapasuka.

Sasa spreyi, lakini ipi

Watu hubishana sana hapa na kila mtu ana kopo lake. Nitasema ninavyoona mimi.

WD-40 ya kawaida inafaa kusafisha na haifai kuachwa humo. Jina lenyewe linakwambia, ni kifupi cha maneno yanayomaanisha kufukuza maji, na hiyo 40 ni jaribio la arobaini, mwaka 1953, ndo fomula iliyokubali. Inafukuza unyevu, inalegeza uchafu na grisi ya zamani iliyoganda, inapenya. Ila inayobaki ni utando mwepesi wa mafuta, na boksi la motohomu linakaa chini karibu na tairi, linapigwa vumbi na matope safari nzima, kwahiyo huo utando unageuka gundi. Anaepulizia WD-40 kila kitasa kikikaza, kinalainika wiki mbili kinakaza tena, anapulizia tena, ndo huyo ambae mwaka wa pili ananunua vitasa vipya vyote.

Mafuta ya kupenyeza, yale ya kulegeza bolti zilizokula kutu, yana nguvu zaidi kwenye kutu ya kweli. Kama kitasa hakijafunguliwa miaka na unaona unga mweupe au wa kijani pembeni ya silinda, haya yanaishinda WD-40, ila yape muda, pulizia jioni ujaribu asubuhi. Watu wanapulizia wanasubiri dakika tano wanasema hayafai.

Unga wa grafiti ni ndugu wa ile risasi nyeusi ya penseli. Ni mkavu, haukamati vumbi, na kwenye mlango wa ndani ya nyumba ni mzuri sana. Kwenye motohomu mi nausita, sababu mbili. Ya kwanza, ukikuta kitasa kilishapuliziwa mafuta huko nyuma unga unachanganyika nayo unakuwa uji mzito mweusi, na hicho kitasa huwezi kujua nani alishakipulizia nini. Ya pili, grafiti inapitisha umeme, na ikikaa kwenye unyevu pamoja na alumini au zinki inaharakisha kuliwa kwa hayo madini, na boksi la chini ya gari linapata maji ya barabarani kila mvua.

Spreyi kavu ya PTFE, jamii ile ya Teflon, ndo chaguo langu la kuacha ndani ya kitasa. Inatoka kama maji, inakauka, inaacha utando mkavu unaoteleza, vumbi halina cha kushikia. Ubaya wake haifungui kilichoganda, ukiipulizia kwenye tope unapata tope linaloteleza kidogo. Kwahiyo kwangu hivi vitu viwili vinaenda kwa zamu: WD-40 ya kuosha, PTFE ya kubaki.

Na namna ya kuosha ni hii, maana hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Weka kitambaa chini ya kitasa kulinda rangi, ingiza kile kibomba chembamba kwenye tundu, puliza mpaka uone maji machafu yanatoka. Ingiza ufunguo, utoe, ufute. Mara ya kwanza unatoka na uji mweusi wenye chembe za kijani kwenye meno, unanuka chuma. Ingiza tena, toa, futa. Mara ya sita ya saba unatoka wa kahawia. Mara ya kumi na tano hivi kitambaa hakichafuki tena na utahisi vibati vinacheza, kuna kamkwaruzo kadogo kanakopita chini ya kidole, kale ambako kabla hukukasikia. Hapo ndo uzungushe. Ukizungusha mapema, uchafu bado uko humo, unavunja ufunguo. Acha kikauke vizuri, hata nusu siku, alafu ndo utie PTFE.

Silikoni peleka kwenye mpira wa mlango, huko ndo kwake. Mafuta ya jamii ya petroli usiyapake kwenye mpira, mpira mwingi wa milango unavimba na kulainika ukikaa na mafuta, na mpira uliovimba unausukuma mlango nje na unarudi kulekule kwenye ulimi uliobanwa. Grisi nyeupe ya lithiamu ni ya ulimi, bawaba na pale ulimi unapofungia, usiitie kabisa kwenye tundu la ufunguo.

Kama ni barafu, maji ya moto hapana, yatafungua dakika moja alafu yaganda tena humohumo ndani. Spreyi ya kuyeyusha barafu au spiriti inafanya kazi, au pasha meno ya ufunguo kwa kiberiti ndo uchomeke, ila usipashe karibu na kitasa ulichotoka kukipulizia muda huohuo, spreyi nyingi zinashika moto.

Mlango wa kibao cha kuvuta

Maboksi makubwa hayana ulimi mmoja. Yana kibao unachokivuta kwa vidole, na nyuma yake fimbo mbili zinaenda kulia na kushoto kwenye makomeo mawili. Hapa ufunguo unafunga au kuachia kibao tu, kwahiyo kama kibao kinanyanyuka na mlango hautoki, achana na silinda kabisa.

Angalia kibao kikoje mkononi. Kikiwa chepesi, kinaning'inia tu, fimbo imechomoka, vile vibanio vya plastiki vinavyoishikilia vinakauka na kukatika vikizeeka. Kikiwa kigumu lakini upande mmoja wa mlango umetoka na mwingine umegoma, komeo la upande huo halijaachia, aidha fimbo imepinda au mlango umeshuka. Mwite mtu wa pili, wewe vuta kibao na ushikilie, yeye apige kona iliyogoma kwa ngumi kuelekea ndani, sukuma, achia, sukuma. Mara nyingi inatoka. Peke yako ni ngumu maana mikono haitoshi, ingawa nimeshamuona mtu kafunga kibao kwa kamba ya kiatu kwenye kioo cha pembeni ili apate mikono miwili, na ikakubali.

Na kama ni ya umeme, ile ya senta loki, sikiliza. Ukibonyeza rimoti na boksi moja tu halilii wakati mengine yanalia, ni mota au waya wa boksi hilo. Yote kimya, anza na fyuzi na betri. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia inasoma kama volti 12.6 na kuendelea, ikishuka kwenye 12 mota inalia kidogo bila kuvuta. Chaji kwanza kabla hujafungua kitu.

Ufunguo uliolika, ufunguo uliovunjika

Ufunguo wa motohomu iliyopita mikononi mwa watu watatu mara nyingi ni nakala ya nakala ya nakala, na kila nakala inapoteza kidogo. Kabla hujakihukumu kitasa angalia uso wake, mara nyingi kuna namba imechongwa. Ufunguo uliokatwa kwa kufuata namba unatoka na vipimo vya kiwandani, uliokatwa kwa kuiga wa zamani unarithi makosa yote. Kama namba ni CH751 basi umeshapata bahati na mkosi kwa pamoja: huo ufunguo umetumika kwenye magari mengi sana ya aina hii kiasi kwamba jirani yako wa kambini pengine anao mfukoni, muombe ujaribu wake. Mkosi utauona tukifika kwenye kununua.

Kipande kikivunjikia ndani, cha kwanza ni kuangalia tundu limeelekea wapi. Ufunguo unatoka pale tu tundu linapokuwa kwenye mkao uleule ulioingilia, kama lilikuwa limezunguka kidogo wakati ufunguo unavunjika lirudishe kwa ncha ya bisibisi ndogo. Alafu ulinganishe njia mbili. Kibano kinafaa kama kipande kimetokeza hata milimita moja. Hakijatokeza, tumia blade ya msumeno mwembamba, ile ya kukatia nakshi, meno yaangalie kwako, ipenyeze pembeni ya kipande, izungushe kidogo ing'ate, vuta. Ile mbinu ya kutia supagluu kwenye ncha ya njiti na kuigandisha kwenye kipande naichukia, nimeiona ikigandisha vibati vyote na kitasa kikaenda drili.

Kutoboa mwenyewe au kumwita fundi

Umefika hapa umesukuma, umegonga, umeosha, umelala, umejaribu asubuhi. Sawa, tuongelee drili.

Ila kuna maboksi mawili ambayo jibu ni fundi na sijadili. La mitungi ya gesi, na la betri. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ya boksi ndo maana maboksi hayo yana matundu ya hewa chini, na cheche za drili huzihitaji hapo. Betri za asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni, nayo haitaki cheche. Boksi la jenereta ya petroli naliweka karibu na hayo. Ukinusa gesi usigonge wala usibonyeze kitu, sogea mbali.

Kwa boksi la kawaida la viti na mipira ya maji, kutoboa ni kazi ndogo. Bandika tepu ya karatasi kuzunguka kitasa kulinda rangi. Fungia tepu nyingine kwenye biti kuonyesha kina, silinda nyingi zina urefu wa milimita 16, 22 au 29, zaidi ya hapo unatoboa vitu vyako. Anza na biti ya milimita 3 katikati ya tundu la ufunguo, mwendo wa polepole, kisha 6, kisha 10. Ni zinki na shaba, hailii sana, utasikia vibati vinakatika kimoja kimoja na springi ndogo zinaruka. Baada ya hapo bisibisi bapa inazungusha kilichobaki. Fagia vumbi lote la chuma hata lililoshuka kwenye mpira.

Fundi wa kufuli yeye kwenye kitasa cha vibati anafungua kwa vidude vyake bila kutoboa, na ukikaa ukamuangalia anavyofanya haraka utaanza kujiuliza mali zako zilikuwa zinalindwa na nini. Kwahiyo nani umchague? Kitasa ni cha bei nafuu, boksi salama, na ulishaamua kukibadilisha, toboa. Kitasa cha duara kile cha ufunguo kama bomba, au cha umeme, au mlango wenye rangi ambayo hutaipata tena, mwite fundi. Katikati ya hizo mbili kuna mtu mwenye haraka, na mtu mwenye haraka ndo drili inamtelezea inachora duara zuri kwenye ubavu wa gari.

Kitasa kipya: kipi kisikurudishe hapa

Pima kwanza. Tundu mara nyingi ni milimita 19 likiwa na pande mbili zilizokatwa bapa ili kitasa kisizunguke, unene wa mlango ndo unaamua urefu wa silinda, na ulimi una urefu wake na mpindo wake, uchukue wa zamani uulinganishe na mpya kabla ya kulipa. Angalia pia unazunguka robo au nusu duara. Watu wengi wanarudisha vitasa kwa sababu ya mpindo wa ulimi, milimita chache tu na mlango unalegea unagonga safari nzima.

Sasa aina. Ufunguo bapa wa kawaida ni rahisi, unapatikana kila mahali, unaosheka kama nilivyoeleza juu. Ila ukiuchukua wa CH751 ujue unanunua kizuizi cha upepo, mwizi ana ufunguo huo tayari. Kwa boksi la mipira ya maji na ngazi, haina shida. Kwa boksi la vifaa vya gharama, hapana.

Ufunguo wa duara, ule wenye umbo la bomba na pini saba kwa kawaida, ni mgumu zaidi kwa mwizi wa kupita. Una sifa mbaya kidogo tangu 2004 ilipojulikana kufuli za baiskeli za aina hiyo zilifunguka kwa kasha la kalamu ya plastiki, ingawa vilivyotengenezwa vizuri baada ya hapo vimerekebishwa. Tatizo langu ni mlango wake wazi, duara zima linatazama nje na linakusanya vumbi, na likiganda kuliosha ni kazi kuliko bapa. Ukichagua huu chukua wenye kifuniko cha mpira.

Cha namba hakina ufunguo wa kupotea wala kuvunjika, kinavutia sana kwa familia. Ila yale magurudumu ya namba yanakula mchanga, yakikaza huna hata pa kuchomeka kitu ukaosha, na usiku kwenye mvua na tochi mdomoni utayatukana. Na kuna watu namba inabadilika bila wao kujua, kidole kimeteleza kwenye kile kibonyezo mlango ukiwa wazi. Mi nisingekiweka chini karibu na tairi, juu kabisa labda.

Cha umeme cha rimoti au vibonye ni raha siku betri ni nzima. Sharti moja tu: kiwe na tundu la ufunguo wa dharura, na huo ufunguo wa dharura utie PTFE na uuzungushe mara mbili kwa mwaka, la sivyo siku unauhitaji utakuta tundu halijawahi kuguswa tangu kiwandani na lenyewe limeganda.

Kuna pia vile vinavyojifunga ukibamiza mlango. Vizuri mikono ikiwa imejaa. Vibaya ukiwa umeweka funguo juu ya ngazi ndani ya boksi ukageuka kuchukua kiti. Na vya kubana, unazungusha na vinauvuta mlango ukandamize mpira, vinazuia maji na kelele kuliko vyote, ila mpira ukizidi unene unatumia nguvu nyingi na ufunguo unachoka mapema, kwahiyo urekebishe ile nati ya nyuma mpaka mlango ubane bila kulia.

Gari langu sasa hivi limechanganyika. Maboksi ya takataka za kambini yana ufunguo bapa wa aina moja yote, ufunguo mmoja, namba imeandikwa ndani ya mlango wa kabati la vikombe. La vifaa lina wa duara wenye kifuniko. La gesi nimeliachia kitasa kilichokuja nalo, nakiosha kila miezi michache kabla hakijaanza kulalamika. Na lile boksi refu nililolitoboa, kwa ndani nimefunga kamba mbili za mkanda kukatiza mlango, viti vinakaa nyuma yake.